Barafu, Mbalamwezi na Mkataba wa Miaka 15: Kisa cha Diko Moja la Pemba

Kisa hiki kinahusu mkataba wa ubia kati ya chombo cha umma kisiwani Pemba na kampuni binafsi, wa kujenga na kuendesha kiwanda cha barafu, gati dogo na banda la mnada wa samaki. Jina la diko (mahali pa pwani ambapo wavuvi hushushia na kuuzia samaki), la kampuni, la benki na miaka yenyewe vimeondolewa, na viwango vya tani vimerahisishwa bila kuharibu uwiano wake. Chombo cha umma nitakiita Mamlaka, mwekezaji nitamwita Kampuni. Nilikuwa upande wa Mamlaka mkataba ulipofunguliwa upya, na nilisoma barua za pande zote mbili. Hukumu nitakazotoa ni zangu.

Usuli

Wavuvi wa visiwani huishi kwa kalenda mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni mwezi mwandamo. Boti za ringineti (nyavu za kuzungushia samaki) zinazovua kwa taa zinahitaji giza, kwa sababu taa huwavuta vibua na dagaa pale tu ambapo bahari nzima ni nyeusi. Mwezi ukikaribia kupevuka, taa haina kazi tena. Kila mwandamo una takriban siku kumi ambazo nyavu hulala, zinashonwa, na mabaharia wanarudi kwao. Kalenda ya pili ni ya pepo, ile ambayo wazee huihesabu kwa Nairuzi (mwaka wa jua wa Waswahili) na miongo yake, yaani makumi ya siku: kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi hivi, inayowapa vyombo vidogo nafasi ya kutoka, na kusi ya katikati ya mwaka inayoweza kuvifungia pwani siku nyingi mfululizo.

Halafu kuna uvuvi unaokwenda kinyume na ringineti. Pweza huchokolewa mwamba unapoachwa wazi na bamvua (maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida), na bamvua huja mara mbili kwa mwandamo, mwezi unapoandama na unapopevuka. Maana yake ni kwamba katika siku zile zile za mbalamwezi ambazo ringineti zimelala, kina mama wako mwambani na vyuma vyao, na wazamiaji nao wako majini. Jambo hili lina uzito mkubwa katika kisa hiki, na hakuna hata mstari mmoja wa mkataba wa awali ulioligusa.

Kabla ya kiwanda, barafu ililetwa dikoni kwa gari kutoka mjini. Ikichelewa, mnada ulifungwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu mchuuzi mwenye deli (chombo cha kubebea samaki na barafu) tupu hawezi kusubiri na mvuvi mwenye samaki juani hana nguvu ya kubishana. Haja ya kiwanda ilikuwa ya kweli. Nalisema hili mapema kwa kuwa baada ya mgogoro wapo waliodai mradi mzima ulikuwa wa kula fedha tu. Haukuwa hivyo.

Mamlaka ilikuwa na ardhi na haikuwa na mtaji. Zanzibar ilikwishapata sheria yake ya ubia baina ya sekta ya umma na sekta binafsi mwaka 2015 (ile ya Bara, ya 2010, haifiki visiwani), kwa hiyo njia ya kisheria ilikuwepo. Kampuni ilikubali kujenga kwa mkopo wa benki na mtaji wake, kuuza barafu kwa miaka 15, kuilipa Mamlaka ada kila mwaka, kisha kukabidhi kila kitu muda ukiisha.

Mkataba ulivyogawa hatari

Kiambatisho cha mkataba kilikuwa na jedwali refu la vihatarishi na mbebaji wa kila kimoja. Vinne ndivyo vilivyoamua kisa.

Ardhi ilikuwa juu ya Mamlaka. Visiwani ardhi ni ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na mgeni anaweza kudhani kwamba hilo linamaliza kazi. Halimalizi. Kwa desturi mti una mwenyewe hata kama ardhi si yake, na shamba moja linaweza kuwa na minazi ya watu watano wasioelewana. Ofisa mmoja wa Mamlaka, pamoja na sheha (kiongozi wa shehia, eneo dogo la utawala visiwani) na wazee wawili wa shehia, walipita kiwanjani wakihesabu mnazi kwa mnazi, mwenye mti akiwa amesimama chini ya mti wake, na fidia ikalipwa kabla ya saini. Walihesabu pia chanja za kukaushia dagaa na njia ya kuburuzia mitumbwi, na njia ile ikachorwa ndani ya ramani ya mkataba.

Gati lilikuwa juu ya Kampuni. Mkataba haukutaja urefu wala idadi ya nguzo. Ulisema boti ya faiba ya kipimo fulani iweze kufunga na kushusha samaki wakati wote, maji yakiwa yamejaa au yamekupwa.

Soko liligawanywa, angalau kwa maneno. Kiwanda kilikuwa na uwezo wa tani 10 za mabonge kwa siku. Mamlaka iliahidi kwamba siku yoyote ambayo barafu iliyouzwa ingepungua tani 6, ingelipa thamani ya upungufu. Ziada ya siku nzuri ilikuwa ya Kampuni.

Umeme uliwekwa juu ya Mamlaka. Kukatika kwa zaidi ya saa nne kwa siku kulihesabiwa kuwa tukio la fidia, na siku hiyo ililipwa kama siku ya mauzo ya tani 6.

Kwa nini Mamlaka ilikubali vifungu viwili hivi vya mwisho? Sababu ya kwanza ni benki, ambayo haikuwa tayari kukopesha mradi unaotegemea bahari bila kuona kiwango cha chini cha mapato. Hilo ni ombi halali la mkopeshaji. Ya pili ni upembuzi yakinifu uliohesabu boti katika majira ya kaskazi, siku za giza, na kutoa wastani wa tani 9 kwa siku. Mbele ya takwimu hiyo, ahadi ya tani 6 ilionekana kuwa sahihi ya adabu tu, ambayo haingeitwa kamwe. Ya tatu, na kwangu ndiyo nzito, ni kwamba rasimu iliazimwa kutoka mkataba wa kununua umeme. Mnunuzi wa umeme hupimwa kwa saa na kwa siku kwa sababu matumizi ya mji hayabadiliki sana kati ya Jumatatu na Alkhamisi. Neno "kila siku" likaja na rasimu, likakaa, na mezani hapakuwa na mvuvi wa kulitilia shaka. Kamati ya wavuvi iliitwa kwenye sherehe ya jiwe la msingi. Rasimu ilikuwa kwa Kiingereza.

Mwaka wa kwanza

Ujenzi ulikwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Kiwanja kilikabidhiwa kwa wakati na hakuna mwenye mti aliyekwenda mahakamani. Gati lilipata tatizo: vipimo vya kina vilichukuliwa wakati wa maji mafu (siku ambazo maji hayajai wala hayakupwi sana), na bamvua la kwanza lilipokupwa, boti zilikaa juu ya mchanga hatua chache kabla ya kufika. Katika bahari hii, ambapo tofauti ya maji makuu na madogo siku za bamvua hufikia mita nne hivi, kosa hilo halifichiki. Kampuni ililalamika, ikasoma tena kifungu, ikarefusha gati kwa fedha zake. Mamlaka haikutoa hata shilingi.

Kiwanda kikaanza. Siku za giza foleni ya deli ilifika barabarani, na mara nyingi mabonge yaliisha kabla ya jua kupanda. Bei za mnada zilipanda. Wachuuzi wa Chake Chake na Wete wakaanza kulala dikoni.

Mwezi ukapevuka, na ankara ya kwanza ya fidia ikaletwa.

Hesabu yake ni rahisi, na ningependa kila anayesaini dhamana ya aina hii aifanye kwa mkono wake. Chukua mwandamo wa siku 29. Siku 19 za giza kiwanda kiliuza wastani wa tani 9, jumla 171. Siku 10 za mbalamwezi kiliuza wastani wa tani 2, jumla 20. Mwandamo mzima ni tani 191, sawa na tani 6.6 kwa siku. Kiwanda kilivuka kiwango kilichoahidiwa. Hata hivyo, kwa kuwa kila siku ilisimama peke yake, siku 10 za mbalamwezi zilizaa upungufu wa tani 4 kila moja, na Mamlaka ikadaiwa tani 40 za barafu ambayo haikutengenezwa. Mwandamo uliofuata ikadaiwa tena, na uliofuata tena.

Kilichotokea ndani ya kiwanda kilikuwa kibaya zaidi. Kifungu kilipima barafu "iliyouzwa". Siku ya mbalamwezi Kampuni ilikuwa na njia mbili. Ingeweza kuwasha mitambo, kulipa umeme na kuuza tani 2 au 3, au ingezima na kulipwa tani 6 bila gharama. Meneja alipunguza saa za kazi, kisha akafunga kabisa siku nne katikati ya mbalamwezi. Kwa mkataba aliokuwa nao mkononi, hakuvunja chochote. Ila zile ndizo siku za bamvua. Kina mama waliotoka mwambani na pweza walikuta lango limefungwa, na siku lilipokuwa wazi waliambiwa bonge haliuzwi nusu. Bonge zima ni kubwa kuliko deli la mchokoaji, na bei yake ni kubwa kuliko mfuko wake. Wakarudi kwa madalali wale wale na bei ile ile ya zamani. Mahitaji ya siku za mbalamwezi yalionekana madogo kwenye daftari kwa sehemu kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa, na daftari hilo ndilo lililotumika kudai fidia.

Upande wa umeme mambo yalifanana. Kampuni ilikuwa na jenereta. Lilitajwa katika zabuni yake na kuisaidia kushinda. Lakini hakuna kifungu kilichoilazimisha kuliwasha. Umeme ukikatika saa tano, siku ilihesabiwa yote kuwa ya fidia, na jenereta likabaki chini ya turubai.

Malipo yanasimama

Robo mbili za kwanza Mamlaka ililipa, kwa fedha iliyotengwa kwa ukarabati wa masoko mengine. Robo ya tatu kusi ilivuma, fidia ikapanda maradufu, na mkuu wa fedha akakataa kutia saini. Alikuwa sahihi kuogopa, kwa sababu dhamana haikuwa na ukomo wowote. Lakini hakuandika barua ya kupinga ankara kwa utaratibu wa mkataba, ambao ulimpa siku 30 za kufanya hivyo. Alinyamaza tu. Siku 30 zikapita, na kisheria ankara iliyoweza kubishaniwa ikawa deni lililokubaliwa.

Kampuni ikatoa notisi ya ukiukaji. Benki nayo, ikiwa na haki ya kuingia kati mradi ukiyumba, ikaandika kuuliza. Kaskazi ilipoanza, katikati ya giza, Kampuni ikafunga lango kwa siku kadhaa ili kushinikiza. Boti zikahamia diko la jirani, na samaki waliobaki wakauzwa kwa bei ambayo wavuvi walikuwa wameshaisahau.

Katika kikao cha dharura mzee mmoja wa kamati ya wavuvi alimwambia meneja: "Mwanangu, hizi siku mnazotudai sisi tunazijua kabla hazijazaliwa. Mngetuuliza." Meneja alijibu kwa heshima kwamba hakuwepo wakati wa kuandika. Ndivyo ilivyokuwa kwa karibu kila aliyekaa chumbani siku ile.

Njia tatu mezani

Kuvunja mkataba ndiyo njia iliyopendwa na wengi mwanzoni. Kifungu cha kuvunja kilisema Mamlaka ikivunja bila kosa la Kampuni italipa salio la mkopo wa benki na sehemu ya mtaji. Kampuni haikuwa na kosa la kimkataba, labda kule kufunga lango, na hata hilo lilikuja baada ya Mamlaka kutolipa. Tulikumbushana pia ya City Water ya Dar es Salaam: mkataba wa maji ulioanza 2003, Serikali ikauvunja 2005, na shauri la kimataifa likaendelea hadi 2008. Baraza la usuluhishi liliona Serikali ilikiuka wajibu wake, ingawa halikumpa mwekezaji fidia. Wengi hukumbuka kwamba hakuna kilicholipwa na kusahau miaka ya mawakili. Mamlaka ndogo ya Pemba haina miaka hiyo.

Njia ya pili ilikuwa usuluhishi rasmi, kudai kwamba kifungu cha "kila siku" kilikuwa kosa la uandishi. Wakili wetu alisema wazi kwamba kifungu kilikuwa kibaya lakini hakikuwa na utata, na msuluhishi hupewa kazi ya kufasiri maneno, hapewi kazi ya kuyaandika upya.

Ya tatu ilikuwa kufungua mkataba na kujadiliana upya. Hatari yake inajulikana: mwekezaji akizoea kwamba mkataba hufunguka, ataomba ufunguke kila mwaka. Tuliichagua kwa sababu mbili. Kiwanda chenyewe kilikuwa na faida katika wastani, kwa hiyo palikuwa na kitu cha kugawana. Na Kampuni ilikuwa inapoteza pia, maana boti zilizohamia hazikuwa zikirudi. Tulianza kwa kulipa sehemu ya deni lisilobishaniwa, ili mazungumzo yasifanyike huku benki imeshika mlango.

Kilichobadilishwa

Badiliko kubwa lilikuwa la kipimo cha muda. Fidia ya soko sasa huhesabiwa kwa mwandamo mzima, kisha miandamo mitatu hujumlishwa kabla ya ankara. Siku ya giza inabeba siku ya mbalamwezi. Wanasheria waliona ajabu kuandika mwezi mwandamo katika mkataba wa biashara, lakini kila skuli na kila msikiti kisiwani huufuata, na hakuna aliyeshindwa kuuelewa. Kiwango cha chini kilishuka hadi tani 5.5, na kwa miezi ya kusi kikawekwa kingine cha chini zaidi, kikiwa wazi tangu mwanzo.

Neno "iliyouzwa" liliongezewa sharti. Siku haihesabiwi kuwa na upungufu isipokuwa saa kumi na moja alfajiri lango liko wazi na ghalani kuna kiasi cha barafu kilichokubaliwa. Kampuni ikifunga, siku hiyo inahesabiwa kana kwamba imeuza tani 10. Tulidai pia mashine ya kuvunjia mabonge na bei ya kilo, na Kampuni ikakubali bila ubishi mkubwa. Nadhani walikuwa wameshaona wenyewe kwamba wateja wa mbalamwezi wapo.

Ukomo uliwekwa: fidia ya soko kwa mwaka haiwezi kuzidi ada ambayo Kampuni inailipa Mamlaka mwaka huo. Katika mwaka mbaya kabisa Mamlaka inakosa mapato, lakini haichukui fedha kwingine. Upungufu unaozidi hapo haulipwi kwa fedha, bali huongeza muda wa mkataba kwa kanuni iliyokubaliwa, na ziada kubwa huufupisha. Wazo hili si letu. Chile ililitumia mwaka 1998 kwa barabara ya Ruta 68 kutoka Santiago kwenda Valparaíso, ambapo mkataba ulipangwa kuisha mapato yaliyoombwa kwenye zabuni yakitimia, mapema au kwa kuchelewa. Benki ililipinga kwa sababu mwaka wa 17 haulipi rejesho la mwaka wa 3. Ndiyo maana kikabaki kiasi cha fedha taslimu chini ya ukomo, na muda ukabeba kilichozidi.

Umeme ulikatwa vipande vitatu. Kukatika hadi saa 12 ni kwa Kampuni, ambayo ina jenereta, ina ghala, na ina matangi ya maji ya chumvi ambayo yakifunikwa vizuri hutunza baridi kwa saa kadhaa. Kuanzia hapo hadi siku tatu, Kampuni huendesha kwa dizeli na Mamlaka hulipa tofauti ya gharama kwa bei kikomo ya mafuta inayotangazwa kila mwezi na ZURA, chombo kinachodhibiti huduma za nishati na maji Zanzibar. Zaidi ya siku tatu hakuna anayemlipa mwenzake, na siku hizo huongezwa mwishoni mwa mkataba.

Matokeo

Katika miandamo iliyofuata ya kaskazi hapakuwa na fidia ya soko. Katika kusi ilikuwepo, ndogo, na ililipwa kwa wakati kwa sababu ilikuwa imewekwa kwenye bajeti. Kiwanda hakifungwi tena wakati wa mbalamwezi. Kampuni ilipanua ghala kwa hiari yake ili igandishe siku za nyavu kulala na kuuza siku za foleni, jambo ambalo mkataba wa kwanza ulikuwa ukilitoza hasara. Pweza sasa huuzwa wakiwa kwenye barafu.

Hasara nyingine hazikurudi. Baadhi ya boti zilibaki diko la jirani. Deni lililokomaa malipo yaliposimama lililipwa na riba, na masoko yaliyokuwa yakarabatiwe yalisubiri.

Uchambuzi

Mafunzo ya ubia yana kanuni inayorudiwa kila mahali, kwamba hatari apewe anayeweza kuimudu vizuri zaidi. Ni kanuni nzuri, na jedwali la mkataba wa kwanza lilidai kuifuata. Tatizo lake katika kisa hiki lilianza kabla ya kugawa, pale ambapo waandishi waliita mbalamwezi hatari. Mbalamwezi ni ratiba. Tarehe zake zinajulikana miaka mia kabla. Jambo linalojulikana huingizwa kwenye bei, kwenye ukubwa wa ghala na kwenye zamu za wafanyakazi. Ukiliwekea dhamana, umemlipa mtu asijitayarishe kwa kitu ambacho kila mtoto wa diko anakijua. Kusi ni ya namna hiyo kwa sehemu: kuja kwake kunajulikana, ukali wake haujulikani, na marekebisho yalijaribu kuzitenga sehemu hizo mbili kwa kuweka kiwango cha msimu kwanza na dhamana baadaye.

Umeme ulikuwa kinyume. Hapo palikuwa na shaka ya kweli, ikaandikwa kama uhakika. Pemba iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2010, kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na kabla ya hapo iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja kati ya Mei na Juni 2008, na takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mtu wa visiwani anayeandika "umeme wa uhakika" bila kujiuliza itakuwaje waya ukifa miezi mitatu, amesahau maisha yake mwenyewe. Kwa kifungu cha awali, tukio la aina ile lingeifanya Mamlaka inunue tani 6 hewa kila siku kwa miezi mitatu, huku kisiwa kizima kikihitaji fedha hizo kwa hospitali na visima. Na Mamlaka haikuwa na uwezo wowote juu ya umeme huo. Ni wa shirika jingine. Kwamba pande zote mbili ni za umma hakukuipa Mamlaka swichi.

Linganisha na gati. Hatari ya gati ilitokea kweli, na mkataba ukaimeza bila kelele. Tofauti ni kwamba kifungu cha gati kilidai huduma: boti ishushe samaki wakati wote. Mamlaka ingetaja mita na idadi ya nguzo, kosa la kina lingekuwa lake, kwa sababu Kampuni ingejenga mita zile zile na kudai imemaliza. Kifungu cha barafu hakikudai huduma yoyote. Kilihesabu mauzo, na huduma ikafa.

Kuhusu miti, watu wa fedha huona kazi ya kuhesabu minazi kuwa ndogo. Mimi naiona kuwa kazi bora kuliko zote zilizofanywa katika mradi huu. Hatari ya ardhi haikugawanywa tu kwa haki. Ilipunguzwa, na aliyeipunguza ndiye aliyeibeba. Yule ofisa na sheha walikwenda kwa watu waliokuwa na habari. Upembuzi wa soko haukwenda kwao. Ungemuuliza mchokoaji pweza mmoja, au nahodha mmoja wa ringineti, ungerudi na kalenda nzima.

Ukosefu wa ukomo ni suala linalozidi diko hili. Dhamana ya serikali haionekani kwenye bajeti siku inaposainiwa, kwa hiyo huonekana haina gharama. Tanzania inalijua hilo kutokana na IPTL, mtambo wa megawati 100 wa Tegeta uliosainiwa 1995 na kuanza kuzalisha 2002, ambao malipo ya uwezo wa mtambo yalidaiwa hata pale umeme wake ulipokuwa hautumiki. Kiwanda cha barafu ni kidogo mno kando ya hilo, lakini muundo wa ahadi ni mmoja, na rasimu yake, kama nilivyosema, ilitoka katika jamii hiyo ya mikataba. Dhamana yoyote ya chombo kidogo cha umma inapaswa kuwa na tarakimu ya juu iliyoandikwa, na tarakimu hiyo iwe mbele ya wajumbe wanaoidhinisha.

Naona pia kwamba Mamlaka ilipoteza zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa kifungu kibaya. Utaratibu wa kupinga ankara ulikuwepo. Barua ya ukurasa mmoja ndani ya siku 30 ingezuia deni kukomaa na ingefungua mazungumzo kabla ya kaskazi. Vyombo vyetu vingi huteua watu hodari wa kusaini mkataba, kisha husahau kumteua wa kuusimamia. Sasa yupo ofisa mmoja mwenye kazi hiyo, mwenye kalenda ya notisi ukutani.

Mawili hayajatengemaa. Mwamba hufungwa kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kama zinavyofanya jamii kadhaa za pwani ya Pemba, na mkataba uliorekebishwa unazitambua siku hizo ikiwa kamati ya shehia itatoa taarifa mapema. Kufungwa kwa ghafla kwa amri ya juu bado hakuna kifungu chake, na pande zote mbili zinadhani hasara ni ya mwenzake. La pili ni hesabu. Wavuvi waliomba jumla ya mauzo ya kila mwandamo ibandikwe kwenye banda la mnada, kwa Kiswahili, kwa sababu wao ndio wateja na fidia hulipwa kwa fedha yao. Kampuni inasema ni siri ya biashara. Nimeandika kuunga mkono ombi la wavuvi na nitaendelea kuandika. Mkataba uliofichwa kwa watu wa diko ndio uliotufikisha kwenye zile tani 40 kila mwandamo.